Gertrude Elion: Alikosa shahada ya uzamivu, akafungua njia ya dawa za virusi

Na Mwandishi Wetu

MJAMZITO anayehudhuria kliniki mkoani Mtwara, iwe mjini Ligula au katika vijiji vya mwambao vinavyoelekea mlango wa Mto Ruvuma, hukabidhiwa vidonge vitatu vya SP na kikombe cha maji, kisha hutakiwa kuvimeza papo hapo mbele ya muuguzi ili ajikinge na malaria.

Ni wachache mno wanaofahamu kuwa moja ya dawa mbili zilizomo katika vidonge hivyo, pirimethamini, ilizaliwa katika maabara moja ya Tuckahoe, jimbo la New York nchini Marekani, iliyoongozwa na mkemia George Hitchings na msaidizi wake wa karibu, mwanamke aliyekuwa amekataliwa na vyuo vikuu vingi.

Mwanamke huyo ni Gertrude Belle Elion, aliyefariki dunia Februari 21, 1999 akiwa na umri wa miaka 81. Hakuwahi kupata shahada ya uzamivu kwa kuisomea, lakini alitunukiwa Tuzo ya Nobel, na jina lake limo katika hataza 45.

Elion alizaliwa jijini New York Januari 23, 1918, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Baba yake, daktari wa meno aliyetoka Lithuania, alifilisika katika anguko la soko la hisa la mwaka 1929, na binti huyo aliweza kuendelea na masomo kwa sababu tu Chuo cha Hunter hakikuwa kikitoza ada.

Akiwa na miaka 15 alimshuhudia babu yake akifa polepole kwa saratani ya tumbo. Kifo hicho ndicho kilichomfanya achague kemia, akiwa na nia moja tu ya kutafuta dawa.

Alihitimu mwaka 1937 kwa daraja la juu kabisa, akiwa na miaka 19. Hata hivyo, maombi yake ya ufadhili katika vyuo takriban 15 yaligonga mwamba, na wakati mmoja alinyimwa kazi ya maabara kwa hofu kwamba uwepo wake ungewavuruga wanaume. Alikubali kufanya kazi bila mshahara, akafundisha shuleni, na kwa muda alipima uchachu wa achari katika kampuni ya vyakula.

Msiba wa pili ulimfika mwaka 1941, pale mchumba wake, Leonard Canter, alipofariki kwa maambukizi ya bakteria katika moyo. Miaka michache baadaye penisilini, dawa ambayo ingeweza kumponya, ilianza kupatikana kwa wingi. Elion hakuolewa maisha yake yote.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango. Wanaume walipokwenda vitani, maabara zilibaki na upungufu wa watu, na Juni 1944 akaajiriwa na Hitchings katika kampuni ya Burroughs Wellcome. Jioni alisoma shahada ya uzamivu, lakini baada ya miaka miwili alitakiwa achague kati ya kazi na masomo ya kutwa. Alichagua kazi.

Mwaa usiounganika

Enzi hizo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha: kemikali moja baada ya nyingine zilijaribiwa mpaka ipatikane inayofaa. Hitchings na Elion waligeuza utaratibu huo. Walianza kwa kuuliza jinsi chembe hai inavyojiunda, kisha wakatafuta mahali pa kuizuia.

Kila kiumbe, awe mtu, kimelea cha malaria au bakteria, hana budi kutengeneza DNA, yaani maandishi ya vinasaba, ili aongezeke. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Kimeng'enya cha mtu na cha kimelea vinaweza kufanya kazi ileile, lakini maumbo yake hayalingani kabisa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo nafasi ya dawa.

Pirimethamini hunasa katika kimeng'enya cha kimelea cha malaria kwa nguvu nyingi kuliko inavyonasa katika kile cha binadamu. Trimethoprimu, iliyomo katika Septrin, hufanya vivyo hivyo kwa bakteria. Kwa kuwa dawa hizo mbili ni ndugu, mjamzito mwenye VVU anayetumia Septrin kila siku hapewi SP.

Elion mwenyewe alijikita katika purini, mojawapo ya malighafi za DNA. Mwaka 1951 alitengeneza merkaptopurini, iliyoidhinishwa mwaka 1953 kutibu watoto wenye saratani ya damu, ambao wengi walikuwa wakifariki ndani ya miezi michache. Kwa kuchanganywa na dawa nyingine, leo matibabu hayo huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto hao katika nchi tajiri.

Kutokana na dawa hiyo ilipatikana azathioprini, iliyowezesha upandikizaji wa figo kati ya watu wasio na undugu kuanzia miaka ya 1960. Ikafuata alopurinoli ya ugonjwa wa jongo, ambayo huzuia kimeng'enya kinachozalisha asidi ya yuriki.

Mwaka 1968 aligeukia virusi. Wataalamu wengi waliamini haiwezekani kuua kirusi bila kuiua chembe kilimojificha, kwa kuwa kirusi hutumia mitambo ya mwenyeji wake. Jibu la Elion na wenzake, lililotangazwa hadharani mwaka 1978, lilikuwa asaikloviri, dawa ya virusi vya malengelenge na vya mkanda wa jeshi.

Anayemfahamu msusi wa mikeka wa mwambao hatapata taabu kuielewa. Ukili hurefuka kwa kuongezewa mwaa mmoja baada ya mwingine. Asaikloviri inafanana na mwaa halisi, lakini haina sehemu ya kuunganishia unaofuata. Kirusi kikiusuka katika DNA yake, kazi inakomea hapo.

Dawa hiyo huamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Katika chembe isiyo na maambukizi hubaki karibu kama imelala, na ndiyo maana haimdhuru sana mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza ulimwengu kuona kwa uwazi namna hiyo kwamba kirusi kinaweza kulengwa peke yake.

Elion alistaafu mwaka 1983, mwaka uleule wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipotambuliwa mkoani Kagera. Wenzake aliowaacha maabara walitumia maarifa yaleyale kuonyesha kuwa AZT, kemikali iliyotengenezwa kwanza mwaka 1964 kwa ajili ya saratani, inazuia VVU. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, naye mwaka uliofuata alitunukiwa Nobel ya Tiba pamoja na Hitchings na Mwingereza James Black.

Kwa Mtanzania wa kawaida, hata hivyo, umbali kati ya maabara na kitanda cha mgonjwa ulibaki mrefu. Mpango wa taifa wa kutoa bure dawa za kufubaza VVU ulianza mwaka 2004, miaka 17 baada ya AZT kuidhinishwa, na katika miaka hiyo maelfu walizikwa.

Umbo linapobadilika

Njia ya Elion ina udhaifu wake, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouona mapema. Katikati ya miaka ya 1950, pirimethamini ilipogawiwa peke yake katika kijiji cha Mkuzi, wilayani Muheza, usugu ulijitokeza ndani ya miezi michache. Mwaka 2001 SP ilichukua nafasi ya klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria nchini, lakini kufikia mwisho wa 2006 nayo ilikuwa imeanza kuipisha dawa ya mseto ya ALu. Ilibakia kuwa kinga kwa wajawazito.

Sababu yake ilionekana wazi mwaka 2003, watafiti wa Thailand walipochapisha umbo la kimeng'enya cha kimelea, lililopatikana kwa kupitisha mionzi ya eksirei katika fuwele zake. Badiliko dogo katika pango la kimeng'enya hutosha kuifanya dawa isitulie. Elion hakuwa na picha za namna hiyo alipoanza kazi. Alikisia maumbo kwa kutazama matokeo ya kemikali zake. Wanaobuni dawa leo huanza na picha.

Mtwara ina deni lake katika habari hii. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu iliwapiga watu wa Newala na maeneo jirani ya uwanda wa Makonde, ikiwaacha wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Sampuli za damu zilipelekwa Entebbe, Uganda, ambako kirusi kilitambuliwa, na neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja likawa jina la ugonjwa duniani kote: chikungunya.

Ugonjwa huo ulilipuka Lamu, Kenya mwaka 2004, kisha mwaka 2005 na 2006 ukawakumba zaidi ya watu 250,000 katika kisiwa cha Reunion. Chanjo za kwanza ziliidhinishwa katika nchi tajiri kuanzia mwaka 2023, lakini hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kukiua kirusi chenyewe. Mgonjwa hupewa dawa za kutuliza maumivu na kushauriwa kunywa maji na kupumzika.

Hata hivyo, kirusi hicho nacho kina vimeng'enya vyake, kikiwamo kimoja kinachofanya kazi kama mkasi wa kukata protini ndefu vipande vipande. Umbo la mkasi huo linajulikana, na watafiti wanatafuta kemikali ya kuubana. Wanafuata njia aliyoipita Elion: kukijua kimeng'enya kwanza, kisha kukitengenezea kizuizi.

Mwaka 1989 chuo cha Brooklyn, ambako alilazimika kuacha masomo ya jioni zaidi ya miaka 40 kabla, kilimtunuku shahada ya uzamivu ya heshima. Wakati huo mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kutumia dawa zake. Wazee wa Newala walioishuhudia homa ile ya mwaka 1952 hawakuwa na dawa ya kuitibu, na wajukuu wao hadi leo wanaisubiri.