Jean de Heinzelin, mtafiti aliyeufukua mfupa wa Ishango na kuutangaza duniani

Mfupa mdogo wenye urefu wa karibu sentimita 10, uliofukuliwa mwaka 1950 pembeni mwa ziwa Edouard, ndio uliolipeleka jina la Ishango katika vitabu vya hesabu vya dunia nzima. Aliyeufukua ni Jean de Heinzelin de Braucourt, mtaalamu wa miamba na udongo kutoka Ubelgiji. Wakaazi wengi wa Beni, Butembo na Goma wanaijua Ishango kama sehemu ya mbuga ya Virunga, yenye viboko na samaki. Wachache wanajua habari za mtu huyu na kazi aliyoifanya pale.

De Heinzelin alizaliwa Agosti 1920. Alikuwa mtafiti wa taasisi ya sayansi ya viumbe na mazingira mjini Brussels, na baadaye profesa katika chuo kikuu cha Ghent. Alipofika Ishango hakuwa bado ametimiza miaka 30. Congo ilikuwa ingali chini ya utawala wa Ubelgiji, na mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ilikuwa inaitwa Parc Albert.

Hakuchagua Ishango kwa kubahatisha. Miaka ya 1930, Mbelgiji mwingine, Hubert Damas, aliyekuwa anachunguza maji ya maziwa ya eneo hilo, aliona hapo mabaki ya watu wa zamani. Ishango ni mahali ambapo mto Semliki unatoka ziwani kuelekea ziwa Albert. Mahali pa namna hiyo samaki ni wengi, na penye samaki watu hukaa.

De Heinzelin alichimba ardhi tabaka kwa tabaka, akiandika kila kitu kilikotoka. Alikuta mifupa ya watu, mifupa ya samaki na ya wanyama, mawe yaliyochongwa, na vyusa vya mfupa vyenye meno, ambavyo wavuvi wa wakati huo walivitumia kuchoma samaki. Katika vitu hivyo ndimo ulimokuwa mfupa uliofanya watu washangae.

Ni mfupa wa mnyama, na wengi husema ni wa nyani. Kwenye ncha moja umechomekwa kipande kidogo cha kwatzi, jiwe gumu. Juu yake kuna alama 168 zilizokatwa kwa mkono na kupangwa katika safu tatu. Safu mbili zina jumla ya alama 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Katika nyingine, 3 inafuatwa na 6, na 4 inafuatwa na 8, kama mtu anayezidisha mara mbili.

Mwaka 1957 de Heinzelin alitoa kitabu kuhusu uchimbaji wake. Mwaka 1962 aliandika katika jarida moja kubwa la sayansi la Marekani, akieleza kwamba mwenye mfupa ule alikuwa anacheza na hesabu. Alifikiri pia kwamba ujuzi wa watu wa Ishango ulisafiri kuelekea kaskazini, hadi bonde la mto Nili na Misri. Wataalamu wengine hawakukubali. Alexander Marshack, Mmarekani, aliona kwamba alama zile zilifuata siku za mwezi. Wengine wanasema zilikatwa tu ili mkono usiteleze. Mjadala huo haujaisha hadi leo.

Kuhusu umri pia, makadirio ya kwanza yalibadilika. De Heinzelin alifikiri mfupa una miaka chini ya elfu 12. Miaka ya 1980, utafiti mpya wa watu kama Alison Brooks na John Yellen ulionyesha kwamba ni wa zamani zaidi, takriban miaka elfu 20 au kuzidi. Kilomita chache kutoka hapo, kando ya Semliki, mahali panapoitwa Katanda, palipatikana vyusa vya mfupa vinavyokadiriwa kuwa na miaka elfu 90. De Heinzelin mwenyewe alirudi bondeni humo katika miaka hiyo kuchunguza tabaka za ardhi.

Kazi yake haikuishia Congo. Miaka ya 1960 alifanya utafiti huko Nubia, kabla ya maji ya bwawa la Aswan kufunika maeneo mengi ya kale. Akiwa mzee alichimba Bouri, nchini Ethiopia, palipopatikana mifupa ya wanyama iliyokatwa kwa zana za mawe miaka milioni 2,5 iliyopita. Alifariki Novemba 1998. Ripoti ya Bouri ilitoka mwaka uliofuata, jina lake likiwa la kwanza.

Mfupa wa Ishango uko Brussels, katika jumba la makumbusho la taasisi aliyoitumikia. Mtoto wa Ubelgiji anaweza kuutazama akiwa na darasa lake. Mtoto wa Kyavinyonge, anayevua samaki katika ziwa lile lile, hana njia hiyo. Mbuga ya Virunga ni urithi wa dunia tangu 1979, lakini tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na vita vimefanya uchimbaji kuwa mgumu sana.

Hata hivyo, mwalimu wa Kivu Kaskazini hahitaji kusafiri ili kufundisha habari hii. Ubao na chaki vinatosha kuchora safu zile tatu, kisha wanafunzi wajumlishe wenyewe. Naye mkulima au mvuvi anayekuta mfupa au jiwe lililochongwa ardhini anaweza kuliacha lilipo na kuwajulisha viongozi. Kitu kikiisha kung'olewa mahali pake, hakuna tena anayeweza kujua tabaka kilikotoka, na bila tabaka umri wake haujulikani. De Heinzelin aliandika kila tabaka, ndiyo sababu waliomfuata waliweza kuyasahihisha makadirio yake.