Florence Sabin: Daktari Aliyekesha Akicheki Moyo wa Kifaranga Ukianza Kudunda

Ushawahi jiuliza mishipa ya damu hutoka wapi? Mtoi akiwa tumboni, mdogo kama punje ya mchele, tayari ana mabomba ya kusukuma damu. Fundi ni nani? Kuna mama wa Marekani aliyetafuta hilo jibu miaka mingi, na stori yake ni moto.

Florence Sabin alizaliwa 1871 huko Central City, Colorado, mji wa machimbo. Mamake alifariki yeye akiwa mdogo. Alimaliza Smith College 1893, lakini doh ya kusomea udaktari haikuwepo, so akafunza shule miaka 3 akiweka akiba. 1896 akaingia Johns Hopkins, Baltimore. Hicho chuo kilichukua madem juu wamama wenye pesa walikichangia kwa hilo sharti. Ujanja, ama?

Huko wasee walikuwa wanabishana kuhusu mishipa ya limfu. Wengi walisema inaanzia pembeni kwenye nyama za mwili, kisha inaungana na vena. Sabin akachukua viinitete vya nguruwe, akadunga rangi, akafuata inakopita. Akasema ni kinyume: inachipuka kutoka kwa vena, kama matawi. Alipingwa miaka na miaka. Majaribio ya panya ya miaka ya 2000 yalionyesha mama alikuwa rada.

1917 bosi wake, Franklin Mall, akafariki. Wengi walijua kiti cha idara ni cha Sabin. Wapi! Kikapewa Lewis Weed, aliyekuwa mwanafunzi wake. Wanafunzi walilalamika. Yeye alipewa uprofesa kamili, mwanamke wa kwanza pale, lakini ukubwa akaachwa kwa mataa. Watu walidhani atafunganya virago. Akabaki, juu utafiti wake haukuwa umeisha.

Na huo utafiti sasa! Alitoa kiinitete cha kuku kikiwa hai, akakiweka kwenye tone la maji chini ya hadubini, akakesha. Seli zilijikusanya vikundi. Vikundi vikaungana vikawa nyuzi. Katikati ya nyuzi pakayeyuka, pakabaki majimaji, na seli za pembeni zikawa ukuta. Bomba tayari! Chembe za damu nazo zikazaliwa hapo hapo. Mwanzoni ni wavu tu, kwa macho huwezi jua ateri ni gani na vena ni gani. Halafu, siku ya 2, moyo ukapiga pigo la kwanza. Kwake hakuna kitu kiliwahi kushinda hiyo usiku.

1925 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa National Academy of Sciences, akahamia Rockefeller Institute, New York, kupambana na TB. Alistaafu 1938, akarudi Colorado, na huko pia hakutulia: sheria mpya za afya za 1947 zinabeba jina lake. Alifariki 1953. Sanamu yake ilisimamishwa bunge la Marekani 1959, amekaa kwenye stuli na hadubini yake.