Dkt. Eduardo Mondlane: Kutoka Vyuo Vikuu vya Marekani hadi Kambi ya Kongwa

Katika miaka ya 1960, Tanzania ilipokea vijana kutoka nchi za Kusini mwa Afrika waliokuja kujifunza kazi ya kijeshi ili warudi kuzikomboa nchi zao. Vijana hao waliingia katika nchi wasiyoijua, yenye lugha, sheria na taratibu zake, na iliwapasa kuishi humo kwa miaka wakiwa wageni wenye silaha. Miongoni mwa viongozi wao, Dkt. Eduardo Chivambo Mondlane, Rais wa kwanza wa Chama cha Ukombozi wa Msumbiji (FRELIMO), aliufahamu ugeni kuliko wengi, kwa kuwa alikuwa ameishi zaidi ya miaka kumi nchini Marekani akiwa mwanafunzi, mtumishi wa Umoja wa Mataifa na mhadhiri.

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni, 1920 katika kijiji cha Nwadjahane, wilaya ya Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake, aliyekuwa chifu, alifariki dunia mtoto huyo akiwa bado mdogo. Alichunga mifugo kama watoto wenzake, hadi mama yake alipomhimiza kwenda shule akazifahamu mbinu za Wazungu waliowatawala. Alisoma katika shule za misheni ya Kipresbiteri ya Uswisi. Kwa wananchi wa Iramba mkoani Singida njia hiyo si ngeni, kwani huko wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani waliendesha shule na hospitali, na kwa wakazi wengi hao ndio waliokuwa Wamarekani wa kwanza kuwaona.

Serikali ya Ureno haikumwachia kijana Mwafrika nafasi kubwa ya elimu, hivyo Mondlane alivuka mpaka na kusoma sekondari Afrika Kusini, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand jijini Johannesburg. Mwaka 1949, baada ya chama cha ubaguzi wa rangi kushika madaraka nchini humo, alifukuzwa. Aliporudi nyumbani alihojiwa na polisi wa Ureno. Mwaka 1950 alikwenda Lisbon, ambako alikutana na wanafunzi kutoka makoloni mengine ya Ureno, akiwemo Amílcar Cabral, lakini polisi waliendelea kumfuatilia na mwaka uliofuata aliondoka kwenda Marekani.

Alijiunga na Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio akiwa na umri wa miaka 31, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1953. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Northwestern, jimbo la Illinois, ambako mwaka 1960 alitunukiwa shahada ya uzamivu. Somo lake lilikuwa jamii yenyewe: jinsi watu wa rangi tofauti wanavyoishi pamoja, wanavyotazamana na wanavyogombana. Marekani ya wakati ule ilimpa mengi ya kujifunza nje ya darasa. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipiga marufuku ubaguzi katika shule za umma mwaka 1954, lakini ndoa kati ya Mzungu na Mweusi iliendelea kuwa kosa la jinai katika majimbo kadhaa hadi mwaka 1967. Mondlane alimwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani Mzungu, mwaka 1956. Ndani ya nchi ileile alikuta milango iliyofungwa na milango iliyofunguliwa.

Ujuzi huo ulimfaa baadaye. Ureno ilikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kujihami ya NATO, na Marekani ilitumia kituo cha kijeshi katika visiwa vya Azores vilivyo chini ya Ureno. Wapigania uhuru wengi waliona katika jambo hilo sababu ya kutosha ya kumweka kila Mmarekani upande wa adui. Mondlane alitofautisha Serikali ya Washington na makanisa, vyuo vikuu na taasisi za hisani za nchi hiyo, akaendelea kutafuta msaada kwa hao wa pili huku akiilaumu ile ya kwanza. Kwa msimamo huo baadhi ya wenzake walimshuku hadi mwisho wa maisha yake, na ndoa yake ikawa silaha mikononi mwa wapinzani.

Mwaka 1957 aliajiriwa na Umoja wa Mataifa katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini, Tanganyika ikiwa mojawapo, na huko ndiko alikofahamiana na Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mwaka 1961 alifika Msumbiji akitumia hati ya kusafiria ya Umoja wa Mataifa, akajionea hali ya watu wake. Kwa kuwa mtumishi wa Umoja huo hakuruhusiwa kufanya siasa, alijiuzulu mwaka huohuo na kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Tarehe 25 Juni, 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana jijini Dar es Salaam kuunda FRELIMO, naye akachaguliwa kuwa Rais. Mwaka 1963 aliuacha uhadhiri na kuhamia Dar es Salaam.

Wakati ulikuwa mgumu kwa mwenyeji pia. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa upya Septemba mwaka huo. Katika mwaka huohuo nchi ilikubali kuweka kambi ya wapiganaji wa kigeni huko Kongwa, mkoani Dodoma, katika eneo lililoachwa baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kushindwa. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na ulihitaji utaratibu. Silaha zilipitia kwa Serikali ya Tanzania na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vyama vya nchi mbalimbali vilikaa jirani katika uwanda uleule mkavu, unaofanana na ule wa Manyoni na Singida.

Vijana wa FRELIMO waliorejea kutoka mafunzoni Algeria, akiwemo Samora Machel, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika Kongwa. Vijana wa kaskazini mwa Msumbiji walikuwa na Kiswahili. Wale wa kusini, kama Samora, walianza upya. Mafunzo hayakuwa ya bunduki pekee. Walilima, walifundishana kusoma na kuandika, na walielezwa kwamba adui ni mfumo wa kikoloni, si rangi ya mtu. Katika fundisho hilo la mwisho ni vigumu kutomwona msomi wa Northwestern. Tarehe 25 Septemba, 1964 vita vya ukombozi vilianza.

Mtihani mkubwa zaidi ulitoka kwa wasomi. FRELIMO ilikuwa imepeleka vijana kusoma ng'ambo, wakiwemo waliokwenda Marekani, na Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, iliyoongozwa na Janet, iliwaandaa wengine. Baadhi ya waliokuwa Marekani walikataa kurudi kuitumikia vita. Mwaka 1967 Mondlane aliandika waraka mkali wa kuwakumbusha kwamba masomo yao yaligharimiwa kwa jina la watu waliokuwa wakifa porini. Walimjibu kwa ukali uleule. Malalamiko yao hayakukosa uzito, kwa sababu anayewataka wakatishe masomo alikuwa ameipata shahada yake ya juu akiwa na miaka 40. Hata hivyo, yeye alikuwa ameacha kazi ya Umoja wa Mataifa na kiti cha chuo kikuu, na hilo hawakuweza kumkana. Machi 1968 vurugu zilizuka katika Taasisi yenyewe na shule ikafungwa. Julai mwaka huo Mkutano Mkuu wa Pili, uliofanyika ndani ya Msumbiji katika jimbo la Niassa, ulimchagua tena.

Tarehe 3 Februari, 1969, Mondlane alifungua kifurushi chenye kitabu kilichotegwa bomu, akiwa katika nyumba ya rafiki wa familia, Mmarekani, jijini Dar es Salaam. Alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka 48. Kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji kilichapishwa mwaka huohuo. Alizikwa Kinondoni, na baada ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni, 1975, mabaki yake yalihamishiwa nchini kwake, ambako chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina lake mwaka 1976. Janet alibaki Tanzania na watoto wao watatu, akaendelea na kazi ya Taasisi hadi uhuru ulipopatikana.