Mangi Rindi

Rindi (aliyejulikana pia kama Mandara, alifariki 1891) alikuwa mangi, yaani mtawala, wa Wachagga wa Moshi katika karne ya 19. Eneo lake, ambalo leo huitwa Old Moshi, liko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania. Anakumbukwa kwa kutumia urafiki na wageni ili kuipa nguvu nchi yake ndogo.

Utawala

Wakati huo Wachagga hawakuwa na mtawala mmoja, bali kila mangi alikuwa na eneo lake. Mpinzani mkubwa wa Rindi alikuwa Mangi Sina wa Kibosho, aliyemzidi kwa nguvu za kivita. Rindi aliwakaribisha wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani, waliotafuta pembe za ndovu na watumwa, naye akapata kwao nguo na bunduki.

Uhusiano na wageni

Mwaka 1871 alimpokea mmisionari Mwingereza Charles New, aliyepanda mlima hadi kwenye theluji. New aliporudi baadaye alinyang'anywa mali zake, akafariki njiani kuelekea pwani mwaka 1875. Mwaka 1884 Rindi alimpa Harry Johnston, mtafiti kutoka Uingereza, mahali pa kukaa, ingawa baadaye waligombana.

Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Jenerali Lloyd Mathews kupata utii wa mamangi wa Kilimanjaro. Rindi alikubali bendera ya Sultani, lakini mwaka huohuo alifanya mkataba na Karl Jühlke, mjumbe wa Wajerumani. Vilevile aliwaruhusu wamisionari wa Kianglikana kufungua kituo Moshi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba Kilimanjaro iwe upande wa Ujerumani. Mwaka 1889 Rindi alituma wajumbe wake hadi Berlin kwa Kaisari Wilhelm II.

Februari 1891 Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann, wakisaidiwa na watu wa Rindi, walimshinda Sina.

Kifo na urithi

Rindi alifariki mwaka huohuo wa 1891, akarithiwa na mwanawe Meli. Urafiki na Wajerumani haukudumu. Juni 1892 wapiganaji wa Meli waliwashinda Wajerumani, lakini Agosti 1893 wakashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Meli huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine.