Kabla ya Simba Elsa: Joy Adamson Alivyochora Kenya, na Krismasi ya Garissa Iliyobadilisha Maisha Yake

Ukitaja Joy Adamson, wasee wengi wanafikiria simba Elsa tu. Lakini huyu mama alikuwa mchoraji moto kitambo kabla Elsa azaliwe, na stori yake inapitia Garissa.

Alizaliwa 1910 Troppau, mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, jina lake Friederike Gessner. Alitua Kenya 1937. Mumewe wa pili, mtaalamu wa mimea Peter Bally, ndiye alimbandika jina Joy na kumsukuma achore maua. Maua hayo yakamletea medali ya dhahabu Uingereza, 1947.

Krismasi ya 1942 ilimkuta Garissa. Hapo ndipo alikutana na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyezunguka Northern Frontier yote. Ndoa na Bally ikavunjika, na 1944 akaolewa na George.

1949 serikali ya mkoloni ikampa kazi kubwa: achore watu wa makabila zaidi ya 20 na mavazi yao ya asili, kabla yapotee. Alizurura nchi miaka kadhaa akipiga hiyo kazi. Moran, wazee, akina mama na shanga zao, mpaka picha zikafika mamia.

Sasa hapa ndipo kuna uchungu. Kule Japani, mastaa kama Utamaro na Hiroshige walichora watu wao wenyewe, picha zikachapwa kwa vibao vya mbao na raia wa kawaida akanunua kwa bei rahisi. Picha za Joy zililipiwa na mkoloni, yule yule aliyefungia watu wa kaskazini kama wafungwa. Kuingia au kutoka NFD ulihitaji pasi. Sura zao zilitakikana Nairobi, wao wenyewe wabaki huko.

Joy aliuawa Shaba, Januari 1980. Watu walidhani ni simba, kumbe ni binadamu. Aliyekuwa mfanyakazi wake akafungwa. George naye alipigwa risasi na majangili Kora, 1989.

Picha bado ziko. Ukifika Nairobi, ingia Makumbusho ya Taifa uzicheki polepole. Mkoloni alilipa, Joy akashika brashi, lakini hizo sura ni za kina babu na nyanya zetu. Hiyo hakuna pasi inaweza kuzuia.