Montgomery na kofia yake ya alama mbili

Wandugu wachimbaji, na mama na watoto mulio nyumbani, sisi tunajua kama kofia inasema. Kwenye mgodi, mbele ya kuona uso wa mutu, tunaona casque yake, na rangi inatuambia kama ni mukubwa ao mutu wa chini. Leo tunaelezea maisha ya jenerali mumoja Mwingereza aliyevaa kofia ya wadogo wake.

Bernard Montgomery alizaliwa London tarehe 17/11/1887. Baba yake alikuwa askofu, na utoto wake aliupitisha Tasmania, mbali sana. Mu 1908 akaingia jeshini. Mu 1914, kwenye vita ya kwanza, risasi ilimupasua pafu. Hata kaburi lake lilichimbwa tayari. Akapona.

Vita ile ndiyo ilizaa vifaru. Ndani ya kifaru ni pafinyu, ni joto, ni mafuta tupu, na kofia yenye ukingo inasumbua. Mu 1918 wanajeshi wa vifaru wakaona bereti za askari wa milima wa Ufaransa, wakazipenda. Wao wakachagua nyeusi, juu mafuta hayaonekani pale. Kisha mufalme wao akaikubali. Ni kusema kofia ile ilitoka kwenye kazi, haikutoka kwenye biro.

Mwezi wa nane 1942 Montgomery akapewa jeshi la nane kule Misri. Watu walikuwa wamechoka kushindwa. Kwanza alivaa kofia pana ya Australia, lakini kwenye kifaru haikufaa. Watu wa kifaru chake wakamupa bereti yao. Akaacha alama yao pale pale, na kando akatia alama yake ya ujenerali. Sheria ya jeshi haikuruhusu alama mbili. Lakini askari wakamutambua toka mbali. El Alamein, kutoka 23/10 mpaka 4/11/1942, walishinda. Na zaidi ya 13.000 wa upande wao walikufa, walijeruhiwa ao walipotea.

Lakini tusisifu bila kupima. Shaba ya Katanga ilienda kwenye vita ile, na mwezi wa 12 wa 1941 wafanyakazi waliogoma Élisabethville juu ya mushahara walipigwa risasi. Na Montgomery yeye mwenyewe, mu 1947, alizunguka Afrika, kisha ndani ya ripoti ya siri akatuita watu wa pori. Alivaa alama ya wadogo wake Waingereza, sisi hakutuhesabu.

Alikufa tarehe 24/3/1976. Bereti ingali inavaliwa.

Basi, siku mukubwa anakuja kututembelea na casque kama yetu, tusipige makofi upesi. Tuangalie kama anashuka mpaka pale paa inapasuka, kama mushahara unafika, kama mujane wa mwenzetu analipwa. Na sisi wa sendika tunaobeba alama kifuani, mutupime na kipimo kile kile.