Nishani Iliyochelewa Miaka 62

Novemba 1950, huko Unsan, Korea Kaskazini, majeshi ya China yalikizingira kikosi cha Marekani. Amri ikatolewa kwamba wanaoweza kutembea waondoke. Padri Emil Kapaun, mtoto wa mkulima wa Kansas, kapteni asiyebeba bunduki, angeweza kuondoka. Akabaki na majeruhi.

Akiwa ametekwa, alimwona askari akimwelekezea bunduki sajenti wa Kimarekani aliyelala mtaroni, kifundo cha mguu kimevunjika. Padri akamsukuma kando yule askari, akamwinua sajenti na kumbeba.

Katika kambi ya mateka ya Pyoktong, njaa na baridi viliua wengi. Padri alinyemelea chakula cha walinzi, akimwomba Mtakatifu Disma, yule mwizi mwema, kisha akawagawia wenzake. Wagonjwa wa kuhara aliwafulia nguo. Pasaka ya 1951 aliwaongoza kusali, ingawa ibada ilikatazwa. Akafariki humo tarehe 23 Mei, akiwa na miaka 35.

Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kabisa kwa ushujaa vitani nchini Marekani, ilitolewa Aprili 11, 2013. Aliyeipokea ni mtoto wa ndugu yake.

Ndugu yangu, huenda unamuuguza mzazi usiku kucha, au unamlipia karo mtoto asiye wako, na hakuna aliyekushukuru. Usichoke. Padri Kapaun hakuiona nishani yake, wala hakuwa akiitafuta. Alimtafuta aliyelala mtaroni. Je, Jumapili hii, ni nani amelala karibu nawe?